Pilipili yangu ni manjano juu, ya mdogo wangu ni manjano chini: mbona yurea imemsaidia yeye tu?

Swali: Assalamu alaykum Bwana Shamba. Nimepanda pilipili mbuzi na pilipili boga Makunduchi, shamba la maweni, nauzia mahoteli ya Paje na Jambiani. Tangu lilipoingia jua la kaskazi majani mapya ya juu yanatoka manjano, mengine karibu meupe, ila mishipa yake imebaki kijani. Nimetia yurea mara tatu na majivu ya jikoni, hakuna mabadiliko. Sasa na majani ya chini yanaungua pembeni, na pilipili boga zinaoza kitako zikiwa bado changa. Maji natumia ya kisima. Mdogo wangu yuko Mtambwe, Pemba, kapanda miche ya kitalu kimoja na yangu. Yake nayo iligeuka manjano, akatia yurea mara moja tu ikarudi kijani. Dukani naambiwa ninunue busta, ile mbolea ya mchanganyiko ya kunyunyizia. Ninunue? Na hii iliyokwisha kuharibika niing'oe?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Busta usinunue, na mfuko wa yurea ufunge uuweke pembeni kwanza. Miche yenu imetoka kitalu kimoja lakini maradhi si mamoja. Ya mdogo wako ilikosa naitrojeni. Yako imekosa chuma, na chuma chenyewe kimo ardhini mwako, ila mizizi haiwezi kukichukua. Huko kuungua pembeni na kuoza kitako ni mambo mengine mawili, kila moja na chanzo chake, na yurea ina mkono wake katika yote mawili.

Umenirahisishia kazi kwa kutaja majani ya juu na mishipa ya kijani. Wengi wanaoniuliza huniambia tu “pilipili imekuwa manjano”, au hupiga picha ya shamba zima wakiwa wamesimama barabarani, na hapo hata mtu aliyesomea miaka mingi atabahatisha.

Kitu cha kwanza kutazama ni umri wa jani linaloumwa. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzitoa kwenye majani ya zamani na kuzipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Chuma, kalsiamu na boroni zikishakaa kwenye jani hazitoki tena, na zinki na manganizi nazo hutoka kwa shida. Zikikosekana hizo, jani la zamani hubaki na rangi yake, na linaloteseka ni lile linalochipua leo. Cha pili ni namna manjano yenyewe yalivyokaa: jani zima, au baina ya mishipa, au pembeni tu. Ukishajibu hayo mawili kwa mche mmoja ulioushika mkononi, umeondoa nusu ya dawa ambazo ungeuziwa.

Nianze na mdogo wako kwa sababu yake ni nyepesi. Upungufu wa naitrojeni hulipausha jani la chini lote, mishipa pamoja, likawa la kijani hafifu kisha manjano, baadaye likadondoka. Mche hudumaa, hutoa maua machache. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na udongo wa vilima vya upande wa Mtambwe umeoshwa na mvua hizo kwa miaka. Vuli ikikaza, naitrojeni iliyokuwemo huteremka chini isikofika mizizi. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo kumjibu haraka ni jambo la kutarajia. Mwambie tu asiigeuze kuwa mazoea. Pilipili iliyoshiba naitrojeni kupita kiasi huwa na majani mapana ya kupendeza na matunda ya kuhesabu.

Yeye pia ajiandae kwa magnesiamu. Miche yake ikianza kubeba, huenda akaona majani ya chini na ya katikati yanageuka manjano baina ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani. Atadhani kapatwa na lako. Tofauti ni mahali: lake litakuwa chini, lako liko juu. Magnesiamu hupungua kwenye udongo wenye tindikali uliooshwa na mvua, na huzidi kuzuiwa mtu akitia potasiamu nyingi. Dawa yake ni chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesiamu, si chumvi ya kupikia, gramu 150 katika bomba la lita 15, anyunyize jioni kwenye majani, arudie baada ya siku kumi hivi.

Sasa tuje Makunduchi.

Chukua jani moja la juu kabisa, lile lililofunguka juzi, ulishike kuelekea kwenye mwanga. Kama ni chuma, utaona nyama ya jani imepauka na mishipa yote, hata ile midogo, imejichora kijani mfano wa wavu uliotandazwa. Likizidi, hata mishipa midogo hufifia, jani likawa jeupe na kuanza kukauka ncha. Shuka majani manne matano chini: kama huko rangi ni ya kawaida, basi habari imekwisha. Hakuna kirutubisho kingine kinachochora hivyo kwa usafi. Manganizi hukaribiana, lakini manjano yake ni hafifu, kijani hubaki ukanda mpana kando ya mishipa, na mara nyingi huonekana zaidi kwenye majani ya katikati.

Kwa nini chuma kikukose na ardhi unayo? Maweni yako ni matumbawe ya zamani, yaani chokaa. Pilipili inapenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hupanda tindikali inapopungua, kati ya 6 na 6.8, na udongo uliochanganyika na chokaa ya matumbawe hukaa karibu na 8. Kila pH inapopanda namba moja, chuma kinachoweza kuyeyuka kwenye maji hupungua takriban mara 1000. Kinabaki kutu tu ndani ya udongo. Na maji ya visima vya upande huo yamepita kwenye jiwe hilo hilo, kwa hiyo kila ukimwagilia unaongeza chokaa kidogo.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Chimba karibu na shina kiasi cha shibiri moja, chota kijiko cha udongo wa huko chini, utoe vikokoto vinavyoonekana, uweke kwenye kisahani kikavu. Mimina juu yake siki nyeupe ya kupikia. Udongo ukichemka na kutoa povu, na ukiweka sikio karibu ukasikia mchirizo mdogo, chokaa imo tele. Mdogo wako afanye vivyo hivyo Mtambwe. Sitarajii povu kwake. Jaribio hilo fanyia pia kila udongo unaoletewa na gari, hata ule mwekundu unaopendeza macho, kabla hujalipa. Na mchanga wa pwani usiutie kitaluni hata kidogo. Naona watu wengi wanauchanganya ili udongo uwe mwepesi, kumbe ni matumbawe na makombe yaliyosagika; mche unaanza kuumwa ukiwa na majani mawili.

Hapo ndipo majivu yalipokuharibia. Majivu yana potasiamu, ndiyo, lakini hupandisha pH. Kwenye udongo wenye tindikali wa Mtambwe konzi moja moja ni msaada. Kwenye maweni yako umetia chokaa juu ya chokaa. Yurea nayo ikimwagwa juu ya udongo wa namna hiyo bila kufukiwa, sehemu kubwa hugeuka hewa ya amonia ikaondoka na upepo wa kaskazi. Ile harufu kali uliyoisikia siku ya pili yake, kama uliisikia, ilikuwa fedha yako.

Kabla ya kununua chuma kingi hakikisha kwa njia hii. Yeyusha gramu 3 za salfeti ya chuma katika lita moja ya maji ya mvua, ukamulie matone ya ndimu ili chuma kisigeuke kutu, utie tone la sabuni ya maji. Ikishakuwa na rangi ya kutu imwage, haina kazi tena. Jioni, chukua pamba, paka nusu moja tu ya jani manjano, upande mmoja wa mshipa mkubwa. Nusu ya pili iache. Fanya kwa majani matano sita ya miche tofauti, uyafunge uzi ili usiyapoteze. Ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, upande uliopakwa ukianza kuwa kijani na wa pili haukubadilika, umepata jibu ambalo hata maabara isingekupa kwa bei hiyo.

Likithibitika, nyunyizia miche yote mchanganyiko huo huo jioni, urudie kila baada ya siku saba hadi kumi, mara tatu hivi. Jaribu kwanza kwenye miche michache, maana majani yaliyopauka sana huungua upesi, na usilenge matunda, huacha madoa. Tazama majani yatakayochipua baada ya hapo. Yaliyokwisha kuwa meupe hayatarudi yote, usiihukumu dawa kwa hayo.

Kunyunyizia ni kuvusha tu. Kama mahoteli yanakulipa vizuri, kuna chuma cha kutia kwenye udongo kinachostahimili chokaa, nacho ni kile chenye herufi EDDHA kwenye pakiti. Ni chembechembe nyeusi, maji yake huwa mekundu yaliyokoza. Kina bei, lakini kwenye pH ya 8 hicho ndicho kinachofanya kazi. Cha EDTA ni rahisi zaidi na wauzaji watakwambia ni kile kile. Si kile kile: EDTA huachia chuma pH inapopita 6.5 hivi, kwa hiyo kwako kinafaa kunyunyiziwa kwenye majani tu. Soma pakiti mwenyewe, na kipimo ufuate cha pakiti hiyo.

Kwa msimu ujao, pilipili isiingie moja kwa moja kwenye jiwe. Chimba mashimo ya upana na kina cha sentimita 40, au tumia viroba, ujaze udongo uliopita jaribio la siki pamoja na samadi ya ng'ombe iliyooza au mboji, nusu kwa nusu. Juu tandaza majani makavu ya mgomba au makumbi yaliyokatwakatwa. Ukihitaji naitrojeni, badala ya yurea chukua SA, ile salfeti ya amonia yenye asilimia 21 ya naitrojeni. Ina salfa na inashusha pH kidogo pale mizizi ilipo. Kiasi kidogo, ifukiwe, imwagiliwe papo hapo. Kuna watakaokwambia utie unga wa salfa ushushe pH ya shamba zima. Kwenye udongo unaochemka siki, utazika magunia na jiwe litabaki jiwe.

Kuungua pembeni kwa majani ya chini kunaweza kuwa upungufu wa potasiamu, na ungekuwa Mtambwe ningeanzia huko. Potasiamu hupungua pilipili inapozaa sana. Jani la zamani huanza manjano ukingoni, kisha kahawia, na kwenye pilipili mara nyingi huja na vidoa vidogo vyekundu au vya kahawia katikati ya jani. Huja polepole. Lako limekuja baada ya yurea ya tatu na majivu, na hukutaja kwamba majani hayo yalipita kwenye manjano kwanza. Hiyo ni chumvi. Amka mapema utazame udongo kuzunguka mashina: ukiona utando mweupe juu yake, na maji ya kisima ukiyaonja yana uchumvi, huna la kuuliza tena. Visima vya upande wa pwani huzidi chumvi kaskazi inapokolea na watu wanapovuta maji mengi. Acha mbolea yoyote kwa wiki mbili tatu, na ukipata maji ya bomba au ya mvua, mwagilia kwa wingi kwa siku moja ili chumvi iteremke. Jiwe lenu halituamishi maji, kwa hilo mna bahati. Samadi mbichi ya kuku na mwani uliookotwa ufukweni pia vina chumvi. Mwani ni mzuri, una potasiamu, lakini urundike unyeshewe masika nzima kwanza.

Kuoza kitako ndilo jambo linalowafanya watu wapoteze fedha nyingi zaidi, kwa sababu mtu akisoma kidogo atakuta limeandikwa “upungufu wa kalsiamu” na kukimbilia chokaa au maganda ya mayai. Ndugu yangu, shamba lako limekaa juu ya kalsiamu. Kinachokosekana ni njia ya kufika kwenye tunda. Kalsiamu hupanda na maji, na maji huenda zaidi kule yanakovukizwa, yaani kwenye majani. Jua la kaskazi likiwaka na upepo ukavuma, majani huvuta karibu yote, tunda linalokua haraka hubaki bila, na seli za kitakoni hufa. Ukimwagilia leo sana kisha ukaruka siku mbili, ndiyo kabisa. Chumvi huzidisha, kwa sababu mizizi hushindwa kuvuta maji. Yurea huzidisha mara mbili: hukuza majani yanayonyang'anya tunda maji, na amonia yake hushindana na kalsiamu mlangoni pa mzizi.

Doa huanza limelowa, la kijivu au kahawia hafifu, karibu na kitako au ubavuni upande wa chini, kisha hubonyea na kukauka ngozi. Weusi unaouona ni ukungu uliokuja baadaye kula kilichokwisha kufa, kwa hiyo dawa ya ukungu haisaidii. Usilichanganye na kuungua na jua, ambako doa ni jeupe, kavu, nalo liko upande unaotazama jua popote pale kwenye tunda. Pilipili boga hupatwa zaidi kwa sababu tunda lake ni kubwa. Pilipili mbuzi zako huenda zimesalimika. Mwagilia kidogo kila siku, asubuhi, na siku za upepo mkali asubuhi na jioni. Tandaza. Toa matunda yaliyooza uyatupe ili mche usiyahudumie. Yatakayofunga baada ya maji kutulia yatakuwa mazima.

Mengine nitayapitia mbio. Fosforasi ikikosekana, mche mchanga hudumaa, majani yake huwa kijani cha giza kisicho na mng'ao, na chini yake huingia zambarau. Lakini aina nyingine za pilipili zina zambarau kwenye vifundo vya shina kwa asili yake, isikutishe. Zinki, ambayo nayo hufungwa na chokaa, hufanya majani ya juu yawe madogo na yaliyosongamana. Boroni ikikosekana, ncha ya kukulia hufa.

La kujikunja ndilo linalohitaji macho. Majani mapya yakiwa membamba, yamekunjamana kuelekea chini, magumu, na matunda yana ngozi ya kahawia iliyokwaruzika, hiyo si njaa, ni utitiri. Hauonekani kwa macho. Geuza jani la ncha uutafute kwa kioo cha kukuzia. Hutibiwa kwa salfa ya kunyunyizia, jioni jua likishapoa. Na mabaka ya manjano na kijani yasiyofuata mishipa, yametawanyika ovyo kwenye jani lililofinyaa, ni virusi vinavyoletwa na vidukari au inzi weupe. Hapo hakuna mbolea wala dawa. Na mche ukiwa manjano, tena mchana unanyauka huku udongo una maji, ng'oa mmoja utazame mizizi. Ukikuta vifundo, ni minyoo fundo, hasa kama palikuwa na tungule au bilingani kabla.

Busta unazouziwa huwa zina kidogo cha kila kitu. Kwa mtu asiyejua mmea wake unaumwa nini, ni faraja. Kwako, kiasi cha chuma kilichomo ni haba kwa tatizo lako, na naitrojeni iliyomo huihitaji. Ukitaka vipimo vya udongo na maji, anzia kwa bwana shamba wa shehia yako au uwaulize watu wa utafiti wa kilimo pale Kizimbani, na upeleke udongo wa shibiri moja chini, sio wa juu.

Kung'oa, usikimbilie. Miche iliyo manjano juu lakini ncha bado zinachipua itarudi, iache. Pilipili boga zenye tunda lililooza nazo ziache, toa matunda tu. Iliyopauka hadi ncha ikafa, na ambayo majani yake yote ya chini yameungua, ng'oa sasa, maana inakunywa maji ambayo wenzake wanayahitaji. Ile ya mabaka ovyo, kama ipo, ing'oe hata kama imebeba, uichome.